Jicho la Kupimia

Yule seremala aliyeitwa Rula alikuwa na rula moja tu ya chuma, na kazi yake kubwa ilikuwa kukorogea rangi. Kupima, alipima kwa jicho. Ukimletea ubao, aliunyanyua mpaka usawa wa shavu, akafumba jicho la kushoto, akautazama kwa la kulia kutoka ncha hii hadi ile kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, kisha akatoa hukumu: "Umepinda hapa. Unene wa kucha." Wateja wabishi walikwenda kuleta rula zao, wakapima, wakaondoka bila kuaga.

Kipaji chake cha pili kilikuwa kutabiri, na hicho alikipenda zaidi maana kilimpa nafasi ya kusema "nilikwambia". Aliutazama ubao pale kichwani, msumeno ulipokata, akasoma ile miduara na nyuzi za mti, akasema, "Huu usiupeleke jikoni. Mvua ya kwanza tu, ukingo huu utanyanyuka." Watu walicheka, mvua ikanyesha, kabati likagoma kufunga, wakarudi karakana nyuso zimewashuka. Rula alizipokea nyuso hizo kwa furaha ambayo mtu mwingine angeona haya kuionyesha.

Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na Rula naye alimwita hivyohivyo, maana alishamfundisha mengi, ingawa mengine hayakumwingia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma, na pua kubwa ambayo Rula alikuwa akiitania tangu enzi za uchumba. "Pua yako inafika sokoni kabla yako," alimwambia. Mwalimu alishachoka kujibu. Siku hizi alimtazama tu, akaendelea na shughuli zake.

Mwalimu ndiye aliyemburuta kwenda kliniki ya macho. Rula alikuwa ameanza kusoma gazeti akiwa amelishika mbali kama bata aliyelowa, na urefu wa mkono ulikuwa unakaribia kumwishia.

"Ni miwani tu," Mwalimu alisema. "Tunaingia, tunatoka."

Hawakuingia wakatoka. Kwanza walimtia matone ya kupanua mboni, ukumbi mzima ukawa ukungu mtupu. Kisha akaambiwa aweke kidevu kwenye mashine, atazame msalaba wa kijani, asipepese. Akapepesa. Wakarudia, akapepesa tena, na safari hii alilaumu msalaba. Mwishowe daktari wa macho, binti mmoja mchangamfu ambaye Mwalimu alimfundisha darasa la pili na bado aliukumbuka mwandiko wake mbaya, akawaita ndani na kugeuza skrini ya kompyuta upande wao.

"Nimepiga picha ya ukuta wa nyuma wa macho yako, mzee wangu," alisema. "Pale ambapo kila unachokitazama huangukia. Umri ukienda, sehemu ya katikati ya ukuta huo huanza kuchakaa, na yako imeanza. Haya madoa ya manjano ni taka zilizojikusanya chini yake. Yapo kwenye macho yote mawili, ila jicho la kulia ndilo linalonitia wasiwasi. Hebu tazama hapa."

"Sioni," alisema Rula, uso kaelekeza dirishani. "Mmenimwagia dawa."

"Basi nitakueleza. Tuna programu inayolinganisha picha yako na picha za maelfu ya watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Inaangalia taka ni nyingi kiasi gani, zimekaa wapi, ukuta umekonda wapi, halafu inakadiria. Inasema jicho lako la kulia lina hatari kubwa ya kuingia hatua mbaya ndani ya miaka miwili. Vimishipa vipya vinaota chini ya ukuta, vinavuja, na mtu anaanza kuona vitu vilivyonyooka vimepinda. Zaidi ya nusu ya watu wenye picha kama hii wanafika huko."

"Zaidi ya nusu," alisema Rula. "Na waliobaki?"

"Waliobaki hawafiki."

"Basi niandike kwa hao."

Daktari alicheka. Mwalimu hakucheka. Daktari akafungua droo, akatoa karatasi iliyochorwa miraba midogo kama daftari la hesabu, na nukta nyeusi katikati. Kila asubuhi, alieleza, afunike jicho moja aitazame nukta, kisha afunike la pili aitazame tena. Mistari ikipinda au doa likitokea, aje siku hiyohiyo. Asingoje wiki iishe wala asingoje mteja achukue kabati lake. Dawa ipo, lakini dawa hiyo inaokoa kilichopo, hairudishi kilichokwisha kufa.

Rula alisimama akavaa kofia yake. "Mwanangu, mimi mstari ukitaka kupinda, najua kabla mstari wenyewe haujajua."

Njiani aliongea kila kitu isipokuwa macho. Alisema viti vya kliniki vimepigwa misumari badala ya kuungwa, alisema mlango wa daktari unaburuza sakafu, alisema kompyuta siku hizi zimekuwa waganga wa kienyeji. Mwalimu alimwacha abwabwaje mpaka mwisho wa barabara.

Ukweli ni kwamba Rula aliogopa. Mama yake mzazi, uzeeni, alikuwa akimtazama kwa pembeni, kichwa kimegeuka kama kuku anayeangalia punje, kwa sababu katikati ya kila kitu palikuwa pameingia giza. Aliuona mlango, lakini hakumwona aliyesimama mlangoni. Alimwita Rula kwa jina la kaka yake mpaka siku ya mwisho, na Rula aliitika. Hilo hakuwahi kumsimulia mtu, hata Mwalimu, na hakutaka kompyuta imsimulie yeye.

Mwalimu aliibandika karatasi ukutani, karibu na mlango wa jikoni, kwa gundi ambayo hata Rula aliiheshimu. Kila asubuhi, chai ikiwa inachemka, sauti ilitoka jikoni: "Umetazama?"

"Natazama!"

"Ikoje?"

"Imenyooka kama askari kwenye gwaride!"

Na ilinyooka kweli, maana Rula aliitazama kwa macho yote mawili. Hakufunika chochote. Alijiambia kwamba Mungu alimpa macho mawili ayatumie yote, kwamba kufunika jicho mbele ya karatasi ni utoto, kwamba atafunika kesho. Mjanja sana, huyu seremala. Mtu anayefumba jicho moja kutwa nzima karakana, bila kuambiwa na mtu, alifika nyumbani akakataa kulifumba kwa dakika moja aliyoombwa na daktari.

Sasa kulikuwa na habari ya meza. Katika nyumba ya Rula, kama katika nyumba za maseremala wengi, samani zilikuwa za aibu. Mwalimu alisahihisha madaftari ya watoto wa watu maisha yake yote ya kazi juu ya kimeza chenye mguu mmoja mfupi uliokingwa kwa kipande cha kigae. Siku aliyomwoa, Rula alimwahidi meza ya kufa na kuzikana. Aliirudia ahadi hiyo mtoto wa kwanza alipozaliwa, akairudia tena Mwalimu alipostaafu, mbele ya wageni, kwa hotuba. Wajukuu walikuwa wameshaanza kuuliza.

Rula hakuwa amesahau. Juu ya dari ya karakana alikuwa ameweka mbao mbili pana za mti mgumu, rangi ya asali iliyoiva, alizozinunua kwa rafiki yake muuza mbao zamani kidogo na kuziacha zikauke taratibu. Alizisoma vichwani siku ile ya kwanza akatabiri: "Hizi hazipindi, hata dunia ipinde." Alikuwa anangoja tu nafasi. Ile safari ya kliniki, ambayo alidai haikumgusa hata kidogo, ikamfanya apate nafasi ghafla.

Akaziteremsha. Akapuliza vumbi. Akaunyanyua ubao wa kwanza mpaka shavuni, akafumba jicho la kushoto, akatazama.

Umepinda. Palepale katikati palikuwa na kinundu.

Rula aliushusha akaupangusa kwa mkono, maana huenda ni uchafu. Akatazama tena, kinundu kipo. Akaunyanyua wa pili. Nao una kinundu, tena mahali palepale, kama ndugu waliorithi tumbo la baba. Katika maisha yake yote ya kutabiri mbao hakuwahi kukosea, na sasa alikuwa amekosea mbili kwa mpigo, za meza ya mkewe. Iliuma. Lakini Rula hakuwa mtu wa kukaa na maumivu peke yake muda mrefu, akatafuta wa kumtupia lawama. Hakwenda mbali.

Muuza mbao aliitwa Kifua, kwa sababu kilimtangulia, na duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara. Walikuwa marafiki tangu wote wawili hawajaota ndevu.

"Uliniuzia mbao mbichi!" Rula alimwita kutoka mlangoni, ili wapita njia nao wafaidi.

"Lini?"

"Zile za meza ya Mwalimu!"

"Zile za zamani? Rula, mbao zile zimekaa kwako mpaka zina haki ya kupiga kura."

"Zimepinda!"

"Basi umezilaza vibaya." Kifua alirudi kwenye hesabu zake, akijua fika kwamba hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwa seremala.

Rula alichukua randa. Alikipiga randa kinundu cha ubao wa kwanza, maranda yakaruka, akatazama. Kipo, ila kimepungua, au amejidanganya kwamba kimepungua. Akapiga tena. Alipoutazama kuanzia ncha ya pili, kinundu kilikuwa kimehamia mbele kidogo, kama kinamkimbia. Akakifuata. Siku iliyofuata akakifuata tena. Ubao ulikuwa unamchezea shere, naye ni mtu asiyependa kuchezewa shere na kitu kisicho na mdomo. Kila jioni alirudi nyumbani na maranda nyweleni, amenuna. Mwalimu alipomuuliza meza inaendeleaje, alijibu kwamba mbao za siku hizi hazina adabu.

"Na karatasi umeitazama leo?"

"Imenyooka."

"Afadhali kitu kimoja kimenyooka humu ndani," alisema Mwalimu.

Baada ya wiki mbili za vita hivyo Rula alinunua ubao mpya kwa Kifua, akaurudisha kabla ya mchana. Umepinda. Akapewa mwingine, akaurudisha. Wa tatu aliurudisha akiwa ameushika kama ushahidi wa mauaji, na maneno aliyoyasema juu ya Kifua, duka la Kifua na ukoo wa Kifua yaliwafanya wateja wawili wajifanye wanatafuta kitu mfukoni.

Kifua alifunga kitabu chake cha hesabu. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Rula alipojua amemuumiza kweli.

"Umenitukana mbele ya watu," alisema. "Sawa. Lete uzi. Tunaupima ubao huu sasa hivi, mimi na wewe. Ukiwa umepinda, nafunga duka. Ukiwa umenyooka, unaniomba radhi kwa sauti hiyohiyo uliyonitukania."

Wakavuka barabara, wakaulaza ubao juu ya benchi la Rula. Kifua akashika ncha moja ya uzi wa kupigia mstari, Rula ncha nyingine, wakauvuta juu ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho. Rula akainama, akafumba jicho la kushoto, akauelekeza ule ulimi wake mkali upande wa rafiki yake.

"Vuta!"

"Nimevuta."

"Uzi umelegea katikati! Vuta, kifua chote hicho cha nini?"

Kifua akavuta kwa ghadhabu. Uzi ukakatika, naye akakaa chini juu ya maranda kwa kishindo kilichotikisa makopo ya gundi. Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume. Kifua alinyanyuka, akajikung'uta suruali, akafunga fundo, akauvuta tena mpaka uzi ukawa unalia ukiguswa.

Rula akatazama. Uzi ulikuwa umepinda.

Ulikuwa umevutwa na wanaume wawili wenye hasira, na katikati ulikuwa umepinda, ukafanya kinundu kidogo, ukaendelea na safari yake. Ubao unaweza kupinda. Chuma kinaweza kupinda. Uzi uliovutwa hauna pa kupindia, na hilo Rula alilijua kabla hajajua kunyoa.

"Umenyooka?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Rula, ni uzi! Utapindaje?"

Akafumbua jicho la kushoto. Uzi ukanyooka. Akafumba la kulia, akatazama kwa la kushoto peke yake. Umenyooka sawasawa, na ubao chini yake umenyooka, mzuri, hauna hatia yoyote. Akabadilisha jicho tena. Kinundu kikarudi mahali pake, kikamngoja.

Akaona, papo hapo, mbao mbili za rangi ya asali alizozichonga kwa wiki mbili zikiwa hazina kosa. Akamwona mama yake amegeuza kichwa kando. Uzi ukamlegea mkononi, mpaka Kifua, upande wa pili, akausikia.

"Kuna nini, ndugu yangu?"

"Siyo mbao," Rula alisema. "Ni jicho. Kifua, ni jicho langu."

Kifua aliachia uzi. Hakudai radhi yake. Alivuka barabara mbio, na watu waliomfahamu walisema hawakuwahi kumwona Kifua akikimbia, akarudi na pikipiki yake ya kubebea mizigo. Akampakia Rula nyuma pale panapokaa mbao, wakapita nyumbani kumchukua Mwalimu, ambaye alitoka na mikono ina povu la sabuni na hakuuliza swali hata moja.

Aliuliza wakiwa kliniki, kwenye benchi la kungojea, baada ya picha kupigwa. "Mbona karatasi haikuonyesha?"

Rula alitazama viatu vyake. "Nilikuwa naitazama kwa macho mawili."

"Maisha yangu yote nimekamata watoto wanaoibia mtihani," alisema Mwalimu. "Na sikumkamata anayelala kitandani kwangu. Umeibia mtihani wa macho yako mwenyewe, baba watoto. Ulikuwa unataka kumdanganya nani apate hasara?"

Rula akafanya jambo ambalo alikuwa hajathubutu kulifanya: akafumba jicho la kushoto, akamgeukia mkewe. Akaona kitambaa cha kichwa, akaona masikio na hereni zake ndogo, akaona kidevu. Katikati, pale ambapo pangekuwa na pua, uso ulikuwa umejikunja na kufifia kama karatasi iliyodondokewa maji.

"Sikuoni pua," alisema.

Alidhani atasema kwa utani, lakini maneno hayakutoka kama utani. Mwalimu akamshika mkono, povu la sabuni likiwa limeshakauka vidoleni. "Miaka yote umeilalamikia," alisema polepole. "Leo ndiyo unaitafuta." Naye machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa ncha ya kitambaa kabla daktari hajawaita.

Safari hii Rula aliitazama skrini. Daktari aliweka picha mbili, ya zamani juu na mpya chini, na Rula akashangaa kwamba hakukuwa na kitu cha kutisha. Zilikuwa tabaka tu, moja juu ya nyingine, nyembamba, kama plaiwudi iliyokatwa ukaitazama kwa ubavu.

"Hapa," alisema, na kidole chake kikasimama juu ya picha ya chini, pale tabaka zilipovimba. "Maji yameingia chini, yamenyanyua. Plaiwudi ikilowa inafanya hivi."

"Ndivyo ilivyo. Vile vimishipa vinavuja."

"Na hii ya juu, ya mwanzo." Akarudisha kichwa nyuma, kama anavyosoma gazeti. Chini ya tabaka palikuwa na vifundo, vingi, vimesukumana katikati. Alivitazama muda mrefu. Angeletewa ubao wenye kichwa kama hicho, asingehitaji kompyuta. Angesema, huu usiupeleke jikoni, na angemcheka aliyebisha. "Uliniambia," alisema. "Ilikuwa imeandikwa hapa waziwazi, nawe uliniambia."

Daktari angeweza kusema "nilikwambia". Rula alikuwa anaingoja, na angeistahili. Badala yake binti yule alisema, "Umewahi, mzee. Wiki mbili si miezi sita. Tutapiga sindano leo, na nyingine kila mwezi kwa muda, tuone jicho linaitikiaje. Siwezi kukuahidi kwamba utaona kama zamani."

"Sindano ya wapi?"

"Ya jicho."

"Karibu na jicho?"

"Ndani ya jicho, mzee. Kuna ganzi."

Rula alimgeukia Mwalimu kama mtoto anayetaka mama akatae kwa niaba yake. Mwalimu hakukataa. Basi akalala, akatiwa ganzi, akashika mkono wa mkewe kwa nguvu za mtu wa randa mpaka Mwalimu akamkumbusha kwamba vidole vile bado vinahitajika. Ilikuwa imekwisha kabla hajamaliza kusema kwamba hayuko tayari.

Alipokaa, jicho moja limefunikwa, aliuliza swali ambalo mara ya kwanza alilikimbia mpaka dirishani. "Na la kushoto? Linasemaje?"

Daktari akaweka picha ya jicho la kushoto. Rula akaisoma kwa jicho hilohilo. Vifundo vichache, vidogo, vimekaa pembeni. "Hapa pamebonyea," alisema kwa wasiwasi, akionyesha katikati.

"Hapo panatakiwa kubonyea. Hapo ndipo unaposomea, na ndipo unapotambulia nyuso za watu. La kulia nalo lilikuwa na kibonyeo kama hicho, maji yamekifuta." Daktari akavuta kiti karibu. "Hili bado ni zuri. Lakini mwenzake akishaugua, nalo hatari yake inapanda. Huenda ikawa mwaka, huenda ikawa kumi, huenda isiwe kabisa. Naweza kukukadiria tu, siwezi kukuapia."

"Hata mimi siapi," alisema Rula. "Kuna mbao nilizozitabiria kupinda, zikanisubirisha miaka." Akaipokea karatasi mpya ya miraba kwa mikono miwili.

Kifua alikuwa bado nje, amekaa juu ya pikipiki yake. Rula alisimama katikati ya uwanja wa kliniki, bendeji jichoni, akamwomba radhi kwa sauti ileile aliyomtukania, na kwa urefu uleule, ukoo mzima ukahusishwa. Wagonjwa walichungulia madirishani. Kifua alimwambia inatosha, kisha akamwambia aendelee kidogo.

Meza ilimalizika miezi kadhaa baadaye, Rula akipimia kwa jicho la kushoto na, siku ambazo hakuliamini, kwa ile rula ya chuma, ambayo ilibidi kwanza aikwangue rangi. Zile mbao mbili, ambazo alitaka kuzitupa, ndizo zilizotoa uso wa meza. Katikati alikokimbizana na kinundu kisichokuwepo alikuwa amechimba bonde refu la taratibu. Ukiweka punje ya mbaazi pembeni inajiviringisha mpaka katikati na kutulia. Wajukuu waligeuza hilo kuwa mchezo mara moja. Rula alisema atamtengenezea Mwalimu nyingine, iliyonyooka, meza ya kufa na kuzikana.

"Huigusi," alisema Mwalimu. "Hii ndiyo yangu."

Karatasi sasa imebandikwa ukutani juu ya meza hiyo, na Rula haaminiwi tena. Kila asubuhi Mwalimu anamkalisha kitini, anasimama nyuma yake, na kulifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe, kiganja chenye harufu ya sabuni.

"Haya. Nukta unaiona?"

"Naiona."

"Mistari?"

"Imepinda kidogo, chini ya nukta. Palepale pa jana. Haijaongezeka."

"Kweli?"

"Kweli, Mwalimu."

Asubuhi moja, baada ya sindano ya nne, kabla kiganja hakijaondoka, Rula aliugeuza uso wake juu kumtazama. Alitazama kwa jicho lile la kulia peke yake, muda mrefu, kama anavyotazama ubao asiotaka kuukosea. Palikuwa na ukungu mwembamba, na ndani ya ukungu, katikati ya uso, kimepinda kidogo lakini kipo, kitu alichokitania tangu enzi za uchumba.

"Pua imerudi," alisema, na sauti ikamkatika.

"Ikoje?"

"Kubwa vilevile."

Mwalimu alicheka, na kiganja kilichofunika jicho kilikuwa kinatikisika na kulowa machozi, ya nani hakuna aliyeuliza. Kisha akakipangusa kwenye kanga, akamgeuza kichwa ukutani kwa upole.

"Sasa la kushoto," alisema, akahamisha mkono.